Filtri iliyokubali kufungwa: kisa cha teksi moja ya Lubumbashi

Gari lenyewe ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, usukani kuume, teksi inayopiga njia kati ya Katuba, soko la Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi) na katikati ya mji. Mwishoni mwa Juni lilifanyiwa vidanje: mafuta mapya ya injini, filtri mpya ya kuyachuja, bulo ya karteri (bakuli la mafuta chini ya injini) ikakazwa, gari likarudi kazini. Wiki kama mbili zikapita bila tone kuanguka chini. Kisha asubuhi moja ya Julai, katika baridi ile ya kiangazi cha Lubumbashi, shofere aliwasha, akangoja kidogo, akaingia barabarani. Alipoongeza mwendo, taa nyekundu ya mafuta ikawaka kwenye tablo, mbele ya usukani. Nyuma ya gari lami ilikuwa na mstari mweusi mpana. Chini ya injini filtri ilikuwa imekaa upande, mpira wake umechomoza, na mafuta karibu yote yalikuwa barabarani.

Niliitwa kabla mtu yeyote hajagusa kitu, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu. Kwa kawaida fundi anayefika kwanza huing'oa filtri, huitupa, hufunga nyingine, na chanzo cha tatizo huenda jalalani pamoja nayo. Hapa kila kitu kilikuwa bado mahali pake.

Nianze na shofere, kwa sababu bila yeye tungekuwa tunazungumzia injini iliyokufa.

"Papa, ile taa iliwaka tu, nikazima moteri paleipale," aliniambia. "Hata mita mia mbili sikutembea."

Alifanya sawasawa kabisa, na nilimwambia hivyo mbele ya patroni wake, mwenye gari, aliyekuja akiwa amekasirika. Taa ile haihesabu lita zilizobaki; inatangaza kwamba shinikizo limeanguka, yaani mafuta hayafiki tena kwenye kusineti, yaani beringi bapa zinazoshika shafti kuu na mabiela (fimbo za pistoni). Injini hii hubeba lita 3.7 za mafuta pamoja na filtri. Pampu yake inazungushwa moja kwa moja na shafti kuu, kwa hiyo kadiri unavyokanyaga ili ufike haraka gereji, ndivyo unavyoisaidia kumwaga kilichobaki. Mashofere wengi wakiona taa husema "nifike tu pale mbele". Pale mbele ndipo kusineti zinapoungua.

Watu walishakusanyika na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Nayataja kwa sababu yote yana akili ndani yake, na yote yalistahili kuangaliwa kabla ya kukataliwa.

Wa kwanza alisema filtri haikukazwa. Inawezekana, lakini filtri iliyolegea huanza kulowesha chini ya injini tangu siku ya kwanza, na shofere huona doa mahali alipolaza gari. Huyu alikuwa na ua wa kuegesha gari wenye sakafu ya saruji; doa halikuwapo.

Wa pili alisema mipira miwili. Hili ni kosa la kweli na linaua injini nyingi: mpira wa filtri ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, mpya inafungwa juu yake, na mipira miwili iliyolaliana huteleza shinikizo likipanda. Nilipitisha kidole kwenye uso wa injini mahali filtri inapokaa. Palikuwa pasafi, chuma kitupu. Mpira ulikuwa mmoja, ule wa filtri yenyewe.

Wa tatu alisema shinikizo limezidi, klape ya pampu imekwama. Klape hiyo ni kama mlango mdogo, na kazi yake ni kurudisha mafuta kwenye karteri pale shinikizo linapofika kikomo. Ikikwama ikiwa imefungwa, mkebe wa filtri huvimba, kitako chake hutokeza kama tumbo, na pindo la bati hufunguka. Mkebe huu ulikuwa umenyooka kama ulivyotoka dukani. Nikaanza kuwa na hakika kwamba filtri haikupasuka wala haikusukumwa na nguvu isiyo ya kawaida. Iliachia.

Nikaishika kwa mkono mmoja nikaizungusha kuifungua. Ilitoka kwa robo tu ya mzunguko na kuvuta, bila kupita meno yote, yaani mistari ya skrubu ndani ya tundu lake. Filtri iliyofungwa ipasavyo haitoki hivyo.

Nilipoigeuza, sahani ya chuma yenye tundu la katikati ilieleza mambo yote. Upande mmoja wa tundu meno yalikuwa mazima, yana rangi ya kijivu ya kiwandani. Upande wa pili yalikuwa yamelala, yanang'aa, na uzi mwembamba wa chuma ulikuwa umeambaa pembeni, umechunwa kutoka kwenye ncha za meno. Nipeli, kile kipande cha bomba chenye meno kinachotokeza kwenye injini na kuipokea filtri, haikuwa na jeraha, maana chuma chake ni kigumu kuliko bati la filtri.

Nikapima kwa kipimo cha milimita. Nipeli ilikuwa na unene wa milimita 19 na ushee. Hiyo ni inchi 3/4, yaani milimita 19.05, yenye meno 16 kwa kila inchi. Toyota hutumia kipimo hicho kwenye injini hii na kwenye nyingi za petroli za ukubwa huu. Filtri iliyoachia ilikuwa ya milimita 20, umbali wa jino hadi jino milimita 1.5. Hicho ni kipimo cha filtri za Honda, za Nissan nyingi, za Mazda na Subaru. Haikuwa filtri mbovu. Ingefungwa kwenye injini yake ingemaliza muda wake bila shida.

Wasomaji wengine watauliza: tofauti ya milimita moja, iliwezaje kushika wiki mbili? Hapa ndipo pana hatari yenyewe. Ukipima tundu la filtri ya inchi 3/4 kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, unapata karibu milimita 17.5. La filtri ya milimita 20 ni karibu 18.5. Nipeli ina 19.05. Kwa hiyo filtri isiyo yake bado inagusana na nipeli, ila meno yanaumana nusu ya kina chake au pungufu. Na umbali wa jino hadi jino unakaribiana mno: 1.59 kwa ile ya inchi, 1.5 kwa hii. Jino la kwanza linakubali, la pili linakubali, na kufikia la tano tofauti imekaribia nusu milimita, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na meno machache tu. Ukiwa na glavu yenye mafuta, mkono hauhisi kitu. Mpira unagusa, unakaza, inaonekana imeshika.

Kinyume chake hakina hatari hiyo. Filtri ya inchi 3/4 ukiipeleka kwenye nipeli ya milimita 20 inagoma jino la kwanza, na fundi mwenye subira anaelewa. Asiye na subira anachukua ufunguo wa mnyororo na kuiharibu nipeli, lakini angalau gari haliondoki gereji.

Sasa nguvu. Mpira wa filtri hii una kipenyo cha karibu milimita 60. Eneo lililo ndani yake, shinikizo likiwa bar 5, linasukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140 hivi, na nguvu yote hiyo inaning'inia kwenye meno ya katikati. Mchana, mafuta yakiwa moto na laini, teksi ikitembea polepole kwenye msongamano wa Kenya, shinikizo ni dogo na meno nusu yanatosha. Asubuhi ni mambo mengine. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na alfajiri za Juni na Julai hushuka chini ya digrii 10. Gari hili lilikuwa limewekewa 20W-50, mafuta mazito. Yakiwa baridi ni mazito zaidi, na mara tu unapokanyaga shinikizo linapanda hadi kikomo cha klape ya pampu. Kila asubuhi meno yalichunwa kidogo, hadi ile ya mwisho. Sitaki mtu aelewe kwamba mafuta ndiyo yaliyosababisha. Filtri sahihi ingevumilia mafuta yale miaka. Lakini yaliamua siku.

Nilikwenda dukani, moja ya zile za piesi, yaani vipuri, zilizopangana karibu na soko. Kijana wa kaunta hakukataa kwamba aliiuza. Alikumbuka vizuri kwa sababu alifanya kazi yake kwa uangalifu, kama anavyoielewa. Filtri ya Toyota ilikuwa imekwisha. Fundi alimletea ile ya zamani, naye akatafuta inayofanana nayo.

"Tulizilinganisha, Papa. Mupira njo ule ule, urefu njo ule ule. Hata rangi iko moja."

Ni kweli. Niliziweka mbili juu ya kaunta yake, moja sahihi niliyoazima duka la jirani na moja kutoka kwenye rafu yake, zikitazamana mpira kwa mpira. Zililingana. Jicho haliwezi kutofautisha tundu la 17.5 na la 18.5 likiwa limezungukwa na matundu madogo na mpira mweusi. Njia hii ya kulinganisha mpya na ya zamani ndiyo inayotumika karibu kila duka la mji huu, na ina kasoro mbili. Ya kwanza ni hiyo ya jicho. Ya pili inasumbua zaidi: inachukulia kwamba ile ya zamani ilikuwa sahihi. Gari lililonunuliwa mkononi, limepita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, limepita pia mikononi mwa mafundi ambao hakuna anayewajua. Ukinakili filtri iliyokuwapo, unanakili pia kosa la yule aliyeifunga.

Uchaguzi huanzia kwenye injini. Magari ya Toyota yaliyotoka Japani yana kibati ndani ya kapo (boneti), na kwenye kibati hicho injini imeandikwa kwa jina lake: 1NZ-FE, 2NZ-FE, 2ZR-FE na kadhalika. Jina la gari lililo nyuma kwenye buti halitoshi. Mfano mzuri ni Corolla Axio: yenye 1NZ-FE inapokea filtri ya kuzungusha, ile ya mkebe, yenye 2ZR-FE ya lita 1.8 inapokea karatasi tupu inayoingia ndani ya kikombe chenye kifuniko. Gari ni moja machoni, filtri ni mbili tofauti kabisa. Namba za Toyota zenyewe zinakusaidia: za mkebe huanza na 90915, za karatasi huanza na 04152. Kwa 1NZ-FE, namba 90915-YZZE1 inajulikana na kila muuza piesi. Ukienda na namba hiyo, watengenezaji wengine wenye katalogi ya kweli watakuambia filtri yao ipi inalingana nayo, na hapo unaweza kununua ya jina lingine bila wasiwasi.

Namba ikikosekana dukani, bado kuna kipimo cha mkono ambacho ningependa kila fundi akizoee. Kabla hujapaka mpira mafuta, kabla hujakaza chochote, ifunge filtri kwa mizunguko miwili au mitatu tu, kisha ishike kitako uitikise huku na huku. Iliyo yake inacheza kidogo sana. Ile ya milimita 20 juu ya nipeli ya inchi inapepea waziwazi. Ukishaihisi mara moja huisahau. Ikipepea, irudishe dukani hata kama mpira unalingana na mteja amesimama anapiga honi.

Nilimshauri pia kijana wa kaunta aweke mbele yake nipeli mbili za zamani, moja ya inchi 3/4 na moja ya milimita 20, azipake rangi tofauti, na kila filtri inayouzwa kwa kulinganisha ijaribiwe hapohapo. Nipeli kama hizo hupatikana kwenye injini zilizokufa katika gereji yoyote ya Katuba.

Meno yakishakuwa sawa na mpira sawa, kuna mambo ya ndani ya mkebe, na hapa sitakaa sana, ila kuna moja ambalo watu hulipuuza. Filtri nyingi za mkebe zina klape ya kupita pembeni: karatasi ikiziba, au mafuta yakiwa mazito kwa baridi, inafunguka ili injini ipate mafuta yasiyochujwa badala ya kukosa kabisa. Nyingi hufunguka kwenye tofauti ya shinikizo ya karibu bar 1. Za Subaru zinajulikana kwa kungoja hadi karibu 1.6. Injini nyingine zina klape hiyo kwenye chuma cha injini, na filtri zake hutengenezwa bila klape. Sasa chukua filtri isiyo na klape uifunge kwenye injini inayoitegemea filtri: meno yanaweza kuwa sahihi, mpira sahihi, na bado asubuhi ya baridi karatasi ikachanika au kusineti zikakosa mafuta. Hili huwezi kulipima kwa mkono wala kwa jicho. Ni namba ya katalogi peke yake inayolijibu.

Kuna pia utando wa mpira nyuma ya matundu madogo, unaozuia mafuta yasirudi kwenye karteri gari likilala. Ukikauka au ukiwa hafifu, asubuhi taa huchelewa kuzima na injini hugonga kwa sekunde chache. Filtri za bei ya chini sana huanza kufanya hivyo mapema, na mteja hudhani injini imechoka.

Kuhusu ubora wa karatasi, watu hubishana sana na huanzia hapo. Mimi naona mpangilio wao umegeuzwa. Filtri ya karatasi ya kawaida, ya mtengenezaji mwaminifu, ikibadilishwa kila vidanje, inaitosha teksi. Meno yasiyolingana yanaimwaga injini kwa dakika moja. Na vumbi jekundu la kiangazi ambalo kila mtu hulilaumu huingia kwanza kwa njia ya hewa. Anayeliogopa aanze na filtri ya hewa, maana ndiyo iliyo mlangoni.

Turudi kwenye IST. Nipeli ilisafishwa kwa brashi na kupimwa tena. Ilikuwa nzima, tukaiacha. Filtri sahihi ilifungwa kwanza kwa mkono ili kuona kama inapepea, haikupepea. Ikatolewa, mpira ukapakwa mafuta, ikafungwa hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko, bila ufunguo. Mafuta safari hii yalikuwa 10W-30. Tulichomoa plagi za umeme za koili na za sindano za petroli, tukazungusha injini kwa stata peke yake hadi taa ikazima, ndipo tukairuhusu iwake. Kuwasha moja kwa moja injini ambayo mifereji yake imekauka ni kuiongezea jeraha, na kazi hii haichukui hata dakika tano.

Tulifunga manometa, kipimo cha shinikizo, mahali pa swichi ya taa. Injini ikiwa moto, kwenye ralanti, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, ilisoma kama kilopaskali 80. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kama 320. Toyota inataka isiyopungua 29 kwenye ralanti na kati ya 150 na 550 kwenye 3,000. Hapakuwa na mgongano wa chuma kwa chuma. Patroni alitaka gari lirudi kazini siku hiyohiyo, na sikuona sababu ya kumzuia, kwa sharti moja: baada ya kilomita 500 alirudishe, filtri ifunguliwe.

Alilirudisha. Tulikata mkebe kwa kikata bati, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno hujaza unga wa chuma palepale unapotafuta chuma. Tulikunjua karatasi mkunjo kwa mkunjo, tukapitisha sumaku. Kulikuwa na weusi wa kawaida na chembe mbili tatu ndogo. Hapakuwa na vipande bapa vinavyong'aa ambavyo kusineti iliyokwanguka huviacha.

Palibaki swali la nani alipe. Gereji ilisema filtri ilitoka dukani. Duka likasema fundi ndiye aliyeifunga na ndiye aliyepaswa kuhisi. Patroni aliniuliza maoni yangu mbele ya wote, nikayasema: duka liliuza bila namba, gereji ilifunga bila kujaribu, kwa hiyo wagawane, na shofere asikatwe hata faranga. Duka lilirudisha bei ya filtri na nusu ya mafuta, gereji ikatoa nusu nyingine na kufanya kazi bure. Kijana wa kaunta alichukua filtri za milimita 20 zilizokuwa kwenye rafu ya Toyota, akaanza kuandika kipimo cha meno juu ya kila boksi kwa kalamu nene.